Metre wetu amehamia kabine kubwa, na dosiye ya mama mmoja imebaki

Kwa kawaida napasha habari za barabara, za machimbo, za bei ya mchele na za jamaa zinazoingia Kabambare zikikimbia vita. Leo nitaongea juu ya mdogo wangu. Si kwa kujisifu. Watu wananisimamisha kila siku njiani: "Eti Metre ameacha watu wa asiransi?" "Eti sasa anakula na wakubwa wa dhahabu kule Lubumbashi?" Mzee mmoja wa Salamabila alinisemea bila kuniangalia usoni: "Muambie sisi tulimchangia." Neno hilo ndilo limenifanya nikae niandike.

Kweli walimchangia. Alipopata diploma ya serikali, baba yetu aliuza mchele wa misimu miwili. Wajomba waliokuwa wanachimba karibu na Salamabila walituma dhahabu kidogo kidogo, ile wanayopima kwa vijiti vya kiberiti. Mama aliuza mafuta ya mawese. Majirani wakatoa franka mia tano, elfu moja, wengine kuku. Miaka mitano ya masomo ya sheria Bukavu, kisha miaka miwili ya staji, maana avoka mpya hasimami peke yake mbele ya majaji bila kupita kwa mkubwa wake. Siku alipokula kiapo tulipiga ngoma hapa, ingawa yeye hakuwepo. Kila mtu alijua kwamba sasa tuna mtu wetu.

Mtu wetu wa nini? Hapo ndipo hatukuulizana vizuri.

Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa katika kabine ndogo ya Bukavu, avoka watatu, sekretere mmoja na jenereta moja yenye kikohozi. Kabine ile ilikuwa na mkataba na kampuni moja ya asiransi. Wengi hapa hawajui kwamba tangu tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973 sheria ya Congo inalazimisha kila gari lenye kutembea barabarani liwe na asiransi ya kulipa wanaoumizwa. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS peke yake, ile ya serikali iliyoundwa 1966. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ndiyo ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na tangu 2019 zikaanza kupewa ruhusa. Kampuni zikiwa nyingi, dosiye nazo zinakuwa nyingi, na vijana wanaojua kutetea wanapata kazi.

Kutetea nani sasa? Si aliyegongwa. Avoka wa asiransi anatetea mfuko. Mtu akigongwa na gari, sheria ya zamani sana, dekre ya 1888, inasema katika kipengele cha 258 kwamba anayemdhuru mwenziwe kwa kosa lake anapashwa kutengeneza alichoharibu. Kipengele cha 260 kinamfikia na tajiri wa dereva. Nyuma ya tajiri anasimama asiransi. Na mbele ya asiransi anasimama kijana mwenye toge nyeusi, anauliza: je, karatasi ya asiransi ilikuwa bado nzima siku ile? Je, dereva alikuwa na pamiri? Je, PV ya polisi iliandikwa siku gani? Je, huyu anayelia ni nani wa marehemu, na karatasi iko wapi?

Mdogo wangu alikuwa hodari sana kwa maswali hayo. Nilimuona mwenyewe.

Mwaka 2023 lori la mfanyabiashara mmoja wa Bukavu lilimgonga kijana kwenye barabara ya upande wa Kasongo. Kijana alikuwa juu ya kinga, amefunga bidoni mbili za mafuta nyuma. Alikufa palepale. Mama yake ni mjane aliyekimbia Salamabila wakati wa mapigano, akafikia kwa watu wa jirani yetu hapa Kabambare. Anaswali pamoja na mama yetu. Kijana ndiye alikuwa anamlisha.

Dereva alishikwa, dosiye ikapelekwa tribinalini Kasongo, mama akajiunga kudai malipo, na asiransi ikaitwa. Na avoka aliyetumwa na asiransi kutoka Bukavu alikuwa Metre wetu.

Nayasema haya bila kuvunja siri ya mtu. Metre hakunifungulia kinywa chake hata siku moja juu ya dosiye ile, wala sikumuuliza. Lakini kikao cha tribinali ni cha watu wote, na mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma na daftari langu kama nilivyozoea. Alisimama, akasema kwa upole, kwa Kifaransa kizuri, kwamba kampuni anayoitetea inasikitika kwa kifo hicho, lakini anayedai hajaonyesha hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba marehemu ni mwanawe. Hakuna cheti cha kuzaliwa. Hakuna cheti cha kifo. Kijana alizikwa jua halijazama, kama dini inavyotaka, na nani hapa kwetu huenda ofisini kuandikisha kifo kabla ya kwenda makaburini? Cheti cha kuzaliwa, kama kiliwahi kuwepo, kiliungua na nyumba. Mama alikuwa amesimama na kitenge chake kichwani, hasikii Kifaransa. Mkalimani alipomgeuzia maneno, akamtazama mdogo wangu kwa muda mrefu. Hakulia. Kesi ikaahirishwa ili alete makaratasi.

Baada ya kikao Metre akapanda moto kuja Kabambare kumsalimia mama yetu. Alileta sukari na sabuni, sehemu yetu na sehemu ya mama yule. Nilikuwepo alipompelekea. Mama alipokea, akashukuru, kisha akamuuliza: "Metre, kweli hujui kwamba yule mtoto alikuwa wangu? Si ulimkuta hapa siku ya Idi?"

Akajibu: "Mama, mimi najua. Tribinali ndiyo haijui. Tafuta avoka wako, mueleze kama ulivyonieleza mimi. Mimi sina ruhusa kukusaidia kwa dosiye hii."

Kuna waliosema ni jibu la mtu asiye na moyo. Mimi nimelifikiria sana na naona ni jibu la mtu aliyefungwa mikono na kiapo chake, na ambaye hakutaka kumdanganya mwanamke mzima. Angeweza kumpa dola kumi na kumuambia "tutaona." Wangapi wanatupa "tutaona" na tunafurahi? Lakini mama yetu hakukubali. Siku mbili hakuongea naye vizuri. Na nafikiri ni hapo, si Bukavu wala Lubumbashi, mdogo wangu alianza kuchoka na asiransi.

Sababu za kuhama zilikuwa nyingi, nitasema zile alizoniruhusu kusema. Ya kwanza ni makuta. Asiransi inalipa avoka kwa dosiye, kidogo kwa kila moja, tena baada ya miezi. Ili uishi, unapashwa kubeba dosiye nyingi zinazofanana: lori, kinga, mguu uliovunjika, PV isiyo na tarehe. Mtu anajifunza kusema vizuri mbele ya majaji, hilo hakuna anayemnyima. Lakini aliniambia kwamba baada ya miaka michache alikuwa anaweza kuandika utetezi akiwa amesinzia, akibadilisha majina tu. Aliogopa kwamba siku moja atasahau kuyabadilisha.

Ya pili ni kwamba kazi ya sheria yenyewe imegeuka. Tangu mwezi wa tisa 2012 Congo iko ndani ya OHADA, nchi 17 zenye sheria moja ya biashara. Kampuni ya Dakar au ya Abidjan ikitaka kufanya kazi Kolwezi, inasoma sheria ile ile. Hapo makabine makubwa ya Kinshasa na Lubumbashi yakapata kazi nyingi za mikataba, kodi, madini, mikopo ya benki, na yakawa yanatafuta vijana. Kabine moja ya Lubumbashi ilimuita mwaka 2024. Alisitasita. Bukavu ilikuwa karibu na kwetu, na mama anazeeka.

Ya tatu mnaijua wote. Katikati ya mwezi wa pili 2025 M23 waliingia Bukavu. Benki zilifungwa, tribinali zikasimama, wateja wa kabine ile ndogo wakatawanyika. Metre alifunga toge na diploma zake ndani ya mfuko wa plastiki, akatoka na bibi na watoto wawili kuelekea Uvira, wakapanda mashua hadi Kalemie, na kutoka Kalemie wakatafuta njia ya Lubumbashi. Wiki tatu hatukuwa na sauti yake. Ninapanda kila asubuhi kwenye kile kilima chetu cha mtandao, nanyoosha simu juu, hakuna. Kwa hiyo wanaosema "alikimbilia pesa" wajue kwamba alikimbia kwanza kama nyinyi mlivyokimbia Salamabila na Wamaza, na mtoto mgongoni. Pesa ilikuja baadaye.

Kule kazi ni nyingine kabisa. Jengo lina lifti. Avoka ni wengi kiasi kwamba wengine hawajui majina ya wengine. Kila mmoja anaandika saa zake: dakika hizi nilisoma mkataba wa fulani, dakika hizi nilizungumza kwa simu, na mteja analipishwa kwa saa hizo. Anajifunza Kiingereza usiku kwa sababu mikataba ya wawekezaji inakuja kwa Kiingereza. Aliponipigia mara ya mwisho aliniambia miezi minane hajavaa toge. Nikamuuliza kama avoka asiye na toge bado ni avoka. Akacheka, akasema huko watu wanajitahidi ugomvi usifike kwa jaji. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, tarehe ile ile. Watoto wanasoma. Mama amewekewa bati jipya, mmeliona.

Sasa nirudi kwa mzee wa Salamabila na neno lake la kuchangia.

Watu wa kule wana madai ya miaka. Machimbo ya viwanda ya Namoya yalianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016, yakasimama 2019 kwa sababu ya usalama, na katikati hapo kuna mashamba yaliyochukuliwa, wachimbaji wadogo waliosukumwa, ahadi za shule na barabara. Sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018, inasema mwenye shamba anayenyimwa udongo wake na machimbo anapashwa kulipwa. Inasema pia kwamba kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wenyeji, na iweke sahihi kwenye daftari la ahadi pamoja nao. Watu wanayajua hayo, maana mashirika ya raia yamewafundisha. Wanachokosa ni avoka. Waliposikia Metre amefika kwenye kabine kubwa inayoshughulika na madini, walifurahi! Walisema: sasa mtoto wetu yuko ndani, atatusemea. Wakaniletea karatasi zao ndani ya mfuko, nizitume.

Nilimpigia kabla ya kutuma. Hakuniacha nimalize. "Yaya, usinitumie. Usinisomee hata jina moja."

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Kabine kubwa ina wateja wengi. Kabla ya kupokea dosiye yoyote wanatafuta majina yote ndani ya orodha yao: je, huyu tunayetaka kumshtaki si mteja wetu? Si mteja wetu wa zamani? Si ndugu wa kampuni ya mteja wetu? Avoka hawezi kula pande mbili. Na kama amesikia siri za upande mmoja, basi upande wa pili hauwezi kuwa wake tena. Nikamuuliza: kwa hiyo mna mteja kule Namoya? Akasema: "Hata hilo siwezi kukujibu, ndiyo wala hapana." Kama ningemsomea karatasi za wazee, wangekuwa wamempa mtu asiyejulikana anasimama wapi siri zao zote. Si yeye angeumia, ni wao.

Nilirudisha mfuko. Mzee alikasirika, na namuelewa. Tulilea kijana kama mtu anavyonunua bunduki ya ukoo, tukasahau kwamba aliyesoma ana mikataba yake. Lakini nami nina neno kwa mdogo wangu, na analijua: angalau angekuja, au atume sauti ndefu ya kusomewa watu, awaambie mwenyewe kwamba ule mlango umefungwa na kwa nini. Kuniachia mimi kazi ya kurudisha mifuko si haki. Ana dakika za kuuza. Dakika kumi za bure kwa waliomchangia haziwezi kumfilisi.

Mama yule wa Salamabila naye alikuja, jioni moja, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amefikiri kwa akili: "Kama Metre ameacha wale watu wa asiransi, sasa si anaweza kuwa wangu?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayosikia mkutanoni. Nililipeleka Lubumbashi, na jibu likawa hapana. Aliyetetea kampuni katika dosiye ile ile hawezi kugeuka kuidai, hata akihama kabine mara kumi. Siri za kampuni anazo bado kichwani. Mama akatikisa kichwa. "Basi maswali yake yamebaki, yeye ameenda," akasema.

Maswali yamebaki kweli, na ndiyo maana nawaambia yaliyofuata, kwa sababu yanaweza kumsaidia mwingine.

Kwanza, sheria ya 1979 inayopanga kazi ya avoka inataka baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na kitu. Watu wa sheria wanaita "pro deo." Unahitaji karatasi ya ufukara kutoka kwa wakubwa wa serikali wa mahali unapokaa. Mkimbizi wa ndani anaweza kuiomba hapa alipofikia, halazimiki kurudi alikotoka. Tuliiomba na mama, tukaituma Kindu kwa baro ya Maniema, na baada ya kusubiri sana akapewa avoka kijana ambaye bado yuko kwenye staji. Wapo pia wale wateteaji ambao si avoka lakini sheria hiyo hiyo inawaruhusu kusimama mbele ya tribinali ya amani na tribinali kuu. Wanajua njia zetu na bei yao si ya mjini.

Pili, cheti kilichoungua au kisichowahi kuandikwa hakifungi kesi. Unaweza kuomba tribinali itoe hukumu ya kukaa mahali pa cheti, ofisini wanaiita "jijema supletifu." Wanaojua mtoto alizaliwa na nani wanakuja kusema. Kwa mama huyu walikuja watatu: mkunga wa zamani wa Salamabila, ambaye naye ni mkimbizi wa ndani hapa, mjomba wa marehemu, na mwalimu wake wa msingi. Mwalimu alileta daftari la darasa alilolibeba kichwani kwa siku nne za kukimbia, akiacha sufuria. Jina la kijana liko pale, na jina la mama pembeni yake.

Tatu, tunzeni PV. Gari likimgonga mtu wenu, mmoja abaki na majeruhi na mwingine asimame na polisi mpaka waandike nambari ya gari, jina la tajiri, na karatasi ya asiransi ilivyo siku hiyo. Hilo la karatasi ni kubwa. Katika kesi hii upande wa asiransi umesema pia kwamba muda wa karatasi ulikuwa umekwisha siku chache kabla ya ajali. Kama ni kweli, mama atabaki na dereva na tajiri peke yao, na tajiri hajaonekana tangu Bukavu iingiliwe.

Kesi bado iko Kasongo. Kabine ndogo ya Bukavu haitumi mtu tena. Kijana wa pro deo anasema inapasa kuita asiransi upya, safari hii kwa makao yake makubwa Kinshasa, na kuita huko kuna gharama za karani wa kupeleka barua. Wanawake wa msikitini wameanza kukusanya. Juzi mama yetu alikuja kuniomba mchango, na bila kuniangalia akaniambia nimpigie Metre pia. Kutoa pesa kwa upande wa pili wa dosiye yake ya zamani hawezi, nilimuambia. Mama akasema basi atume pesa za sukari, kama kawaida, na sukari tutaacha kunywa.

Lori nililiona wiki iliyopita likishusha chumvi na saruji sokoni. Limepakwa rangi nyingine, bluu, lakini nambari ni ile ile ya PV. Nimeandika siku na saa, nikampelekea avoka. Dereva ni mwingine. Aliyekuwepo barabarani siku ile ya 2023, zaidi wale vijana wa kinga waliosaidia kubeba maiti, anaombwa afike kwangu au kwa imamu kabla kikao hakijaitwa tena. Anayekaa mbali atume sauti; nakuwa kwenye kilima cha mtandao kila asubuhi mpaka saa mbili.